UZI: Mwaka mzima wa shule za msingi Pangani mjini, na kwa nini tulitazame darasa la kwanza kabla ya la saba

Wakuu, habari za humu.

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, humu na vijiweni mjadala ni uleule: shule gani imefaulisha wangapi, imeshika namba ngapi kiwilaya, mwalimu mkuu gani ahamishwe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi hapa Pangani mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu nilikuwa na darasa la kwanza na la pili. Nataka niwapitishe kwenye mwaka wa shule za mji huu, Januari hadi Desemba, jinsi unavyokwenda kweli, ili tuone nguvu zetu zinaishia wapi. Msimamo wangu nausema mapema: kila tulichonacho tunakimimina darasa la saba, na wadogo walioingia Januari tunawaacha wajitafutie wenyewe kusoma. Sitataja shule yoyote kwa jina, maana ninayoyasema yapo karibu kote.

Kwa asiyepajua, Pangani ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, kama kilomita 50 kusini ya Tanga. Ng'ambo ya mto ni Bweni. Watu wanaishi kwa bahari, minazi, mashamba ya mkonge na biashara ndogondogo. Haya yote yanaingia darasani, mtaona.

JANUARI

Shule hufunguliwa Januari, mara nyingi wiki ya pili. Kwa mzazi huo ni mwezi wa sare na madaftari. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza ni mwezi wa kuhesabu watoto kila asubuhi na kila asubuhi kupata idadi mpya. Uandikishaji huanza tangu mwishoni mwa mwaka uliopita, lakini watoto wanaendelea kuja mpaka Machi. Yupo aliyekuwa kwa bibi yake kijijini Mkwaja, yupo ambaye sare haijatoka kwa fundi, yupo ambaye mzazi alikuwa anasubiri cheti cha kuzaliwa na hakuambiwa amlete tu. Anayeingia mwezi wa pili anakuta wenzake wameshavuka irabu, na hakuna wa kumrudisha nyuma peke yake.

Michango ya lazima iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Ni jambo jema na nitalitetea mbele ya mtu yeyote, maana wapo niliowafundisha ambao bila hilo wasingevaa sare kabisa. Ila idadi ya watoto iliruka, vyumba na walimu havikuruka pamoja nayo. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na darasa la awali ni 25. Nendeni mkahesabu wenyewe darasa la kwanza. Likipita mia tunagawa mikondo, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na mwalimu ni yuleyule. Wa mchana anawapokea sauti imeshakauka.

Fedha nayo tuielewe. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inayoingia akaunti ya shule. Shule yenye watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi, kuchapa mitihani, kuziba bati linalovuja, mipira. Mpishi wa uji humo hayumo, ndiyo maana mzazi unaitwa kikao. Ukitaka kujua shule inathamini nini, uliza rimu za karatasi zinaishia darasa gani. Majaribio ya kila wiki ya la saba ndiyo yanayozimaliza. La kwanza wananakili ubaoni, na wa nyuma kabisa ubao hawauoni.

MTOTO "ANAYESOMA"

Hapa naomba mnivumilie kidogo, ndipo penye kiini cha uzi.

Mtoto wa miaka sita au saba ana kumbukumbu kali. Ukurasa ukisomwa mbele yake mara mbili tatu ameshaushika wote. Anafika nyumbani, anafungua kitabu, anaweka kidole chini ya mstari, anasema "Baba analima shamba" kwa sauti ya kuimba, na mama yake anafurahi. Sasa fanya hivi: funika picha kwa kiganja, kisha mwambie aanze na neno la mwisho arudi nyuma. Wengi watanyamaza. Wengine watasema "baba" huku kidole kimegusa "shamba". Huyo hasomi, amekariri, na katika darasa la watoto mia mwalimu anaweza asimgundue mwaka mzima, kwa sababu wakisoma kwa pamoja sauti yake inasikika kama ya wenzake.

Dawa yake ni moja tu: kumsikiliza mtoto mmojammoja, angalau dakika mbili tatu, kila wiki. Piga hesabu ya dakika tatu kwa watoto mia moja. Ni saa tano nzima, na hujafundisha hesabu wala kusahihisha daftari hata moja. Ndiyo maana nasema la kwanza na la pili panahitaji mtu wa pili darasani kuliko darasa lolote lingine.

Kuna jambo moja la pwani linalotusaidia na hatulitumii vya kutosha. Watoto wengi wa mji huu wanaanza chuo, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya shule. Wanakuja wameshajua alifu, be, te; wamezoea kukaa, kufuata mstari kwa kijiti, na kujua kwamba alama fulani ina sauti yake. Mwanzoni baadhi wanaanza kuandika kutoka kulia, ila hilo linaisha upesi. Mwalimu anayelijua hili hamgombezi mtoto, anamwambia "kule chuoni tunaanzia huku, hapa tunaanzia huku," na kazi inaendelea. Nilikuwa nikiongea na mwalimu wao wa chuo kuhusu mtoto mzito, na mara nyingi yeye alikuwa ameshamfahamu kabla yangu.

RAMADHANI, MASIKA, NA GIZA LA MWEZI

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, wakati joto la kaskazi bado halijapungua. Uji haupikwi. Wadogo wanajaribu kufunga nusu siku kwa kushindana, na ikifika saa nne wameegemea madawati. Mwalimu mwenye busara anaweka kusoma kipindi cha kwanza na cha pili, mengine anayaacha yafuate. Kisha masika, Aprili na Mei. Mvua ikipiga bati, darasa lisilo na dari halina mafundisho. Unaandika ubaoni na kunyoosha kidole mpaka ipite. Malaria nayo inawachukua wawili watatu kila wiki.

Lakini kinachotikisa mahudhurio kuliko mvua ni dagaa. Wasio wa pwani niwaeleze. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo kuna siku za giza, vyombo vinatoka kila usiku, na kuna siku za mwezi ambapo wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Asubuhi ya giza, ufukweni kuna kazi ya kila umri: kubeba ndoo kutoka chomboni, kuosha, kuchochea moto chini ya masufuria ya maji ya chumvi, kuanika kwenye chanja, kufukuza kunguru. Mtoto wa darasa la tano anaondoka na hela mkononi na dagaa wa mboga kwa mama yake. Chukua daftari la mahudhurio la la tano au la sita, weka pembeni kalenda ya mwezi mwandamo. Utaona majina yaleyale yanapotea siku kadhaa, yanarudi, yanapotea tena.

Mtendaji wa kata huita wazazi, na mgambo wakati mwingine hupita pwani. Watoto wanarudi wiki moja. Mimi nilifanya jambo jingine: majina ya wale watoro nikayatafuta kwenye daftari langu la zamani la darasa la pili. Karibu wote walikuwa wale waliovuka la pili bila kusoma. Mtoto anayesoma naye huitwa pwani, njaa haichagui, ila yeye hurudi darasani kwa sababu kuna anachokipata. Asiyesoma anakaa saa sita anatazama maandishi yasiyomwambia kitu, halafu kule pwani anathaminiwa na analipwa. Ningekuwa yeye ningekwenda pwani.

JUNI HADI AGOSTI

Juni mitihani ya muhula, na UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwa wenye mbio na mpira. Likizo ikifika, wote wanakwenda nyumbani isipokuwa la saba, wao wana kambi. Wazazi wanachanga mchele, maharage na hela ya walimu wa ziada. Julai na Agosti ni majaribio, na mitihani ya utimilifu (moko) ya wilaya na ya mkoa. Walimu wenye sauti na mbinu wanavutwa juu kufundisha la saba. Sijawahi kusikia kikao cha wazazi kikichanga hata kilo ya unga kwa ajili ya la kwanza wabaki wiki mbili wakijifunza kusoma.

Jambo zuri la kipindi hiki nilitaje pia. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia darasa la tatu. Kwa Pangani hilo ni neema. Bushiri bin Salim aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 alinyongwa mji huuhuu, Desemba 1889. Mwalimu anaweza kuwatoa watoto kwa miguu mpaka Boma la zamani na kingo za mto, wakasimama hapohapo wanapofundishwa. Kusi inavuma, kuna ubaridi, ni miezi mizuri ya kutembea.

SEPTEMBA HADI DESEMBA

Mtihani wa la saba ni siku mbili za Septemba. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kuanzia 121 unahesabiwa umefaulu. Kila mtahiniwa anakaa dawati lake peke yake, kwa hiyo siku ya maandalizi madawati yanabebwa kutoka madarasa ya chini. Nimeona zaidi ya mwaka mmoja madawati hayo yakichukua wiki kadhaa kurudi, na la kwanza wakikaa sakafuni muda wote huo bila mtu kuuliza.

Oktoba ni upimaji wa darasa la nne, nao una presha yake. Kisha matokeo, mahafali, majina ya waliopangiwa sekondari. Upimaji wa KKK wa darasa la pili nao upo, kusoma, kuandika na kuhesabu, ila sijawahi kuona mtaa ukiujadili. Desemba ripoti, likizo, na Januari tunaanza upya na watoto wengine mia.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

—

Mchangiaji, mzazi:
Mwalimu shikamoo. Umeandika vizuri ila nina pingamizi. La saba ndiyo inayoamua mtoto aende sekondari au abaki mtaani. Mwalimu mkuu naye anapimwa kwa hiyo. Unataka tuache kambi watoto wafeli ili tuwafundishe wadogo a e i o u?

Mwanzisha uzi:
Marahaba ndugu yangu. Kambi siipingi, na mtoto wako wa la saba anastahili msaada wote wa mwaka huu. Ninachosema ni kwamba kambi inamfaa anayesoma. Asiyesoma unamfundisha namna ya kubahatisha, kwa sababu maswali mengi ya mtihani ni ya kuchagua herufi ya jibu. Tusisahau mwaka 2012, ilipotangazwa kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walipita mtihani. Tafiti za Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, za miaka ileile zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndipo ukaja mtaala wa KKK wa 2015 kwa la kwanza na la pili, na ulisaidia, nimeufundisha mwenyewe. Sasa hivi nchi nzima ufaulu wa la saba umepita asilimia 80. Swali langu kwa Pangani ni kuhusu hao wengine, na wale waliokwisha kwenda pwani kabla hata ya kusajiliwa kwa mtihani. Kwenye asilimia hiyo hawamo kabisa.

Kuhusu mwalimu mkuu kupimwa, hapo tuko pamoja. Anapimwa kwa kitu kimoja, naye anakipa kila kitu. Sisi wazazi tunaweza kumpima kwa kingine. Kwenye kikao cha Januari mwombeni asome mbele yenu idadi ya watoto wa la pili waliovuka bila kusoma. Mkiuliza miaka miwili mfululizo, wa tatu atakuwa ameshajiandaa kujibu.

—

Mchangiaji, mwalimu:
Shikamoo mwalimu. Mimi ni ajira mpya, si Pangani ila wilaya ya jirani. Nimepangiwa la kwanza kwa sababu "ni mgeni, la saba haliwezi". Watoto 118. Hiyo ya kusikiliza mmojammoja umeifanyaje? Nimejaribu, wengine wanageuza darasa soko.

Mwanzisha uzi:
Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo kauli, nami niliambiwa hivyohivyo. La kwanza ndilo linalohitaji mzoefu.

Usijaribu kuwasikiliza wote. Wiki ya kwanza ya Februari pita haraka na maneno kumi ya silabi mbili uliyoyaandika kwenye kadi, maneno ambayo hayamo kitabuni ili asikariri. Utapata makundi matatu: wanaosoma, wanaojaribu, wasiojua hata sauti ya herufi. Kundi la kwanza usilisikilize tena mpaka Aprili, lipe vitabu. Kaa na la tatu, watoto kumi kwa siku, wakati wengine wananakili. Wanaosoma wakae kila mmoja na wawili wasiosoma. Mtoto humfundisha mwenzake bila kumtisha. Kadi nilikata kwenye maboksi ya sabuni. Kelele itakuwepo, isikutoe machozi. Ukisikia wanabishana kama ni "kiti" au "kito", hiyo ni kelele ya kazi.

Na mwombe mwalimu mkuu kitu kimoja tu: wanafunzi wanne wa la sita wanaosoma vizuri, nusu saa kila asubuhi. Hakigharimu chochote, ni vigumu kukukatalia.

—

Mchangiaji:
Hii habari ya darasa la sita kuwa la mwisho ni kweli au maneno ya mtandaoni?

Mwanzisha uzi:
Ni kweli. Elimu ya msingi kwa mtaala mpya ni miaka sita. Walioanza darasa la tatu na mtaala huo Januari 2024 wanafika la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo la saba wa mtaala wa zamani nao wanamaliza. Kwa hiyo 2027 shule moja ina madarasa mawili ya mwisho kwa pamoja, na Januari 2028 sekondari zinapokea mikupuo miwili. Kila shule ya mji huu ina vyumba vilevile na walimu walewale. Ukiniuliza mwaka huo nani atanyang'anywa mwalimu na madawati, nitakwambia la kwanza, kama hatukukaa vikao sasa.

Na kuna jambo jingine. Mtoto aliyechelewa kusoma zamani alikuwa na mwaka wa ziada wa kujivuta. Sasa hana. Akivuka la pili bila kusoma amebakiwa na minne.

—

Mchangiaji, mzazi wa Bweni:
Mwalimu, mwanangu ana miaka sita, cheti cha kuzaliwa hakijatoka. Na kuna shangazi yake mjini anataka akasome huko, avuke na pantoni kila siku. Unanishauri nini?

Mwanzisha uzi:
Mpeleke akaandikishwe na kadi ya kliniki, cheti kitafuata, usingoje Machi. Omba kuonana na mwalimu wa darasa lenyewe, umjue kwa sura na umwachie namba yako ya simu.

Kuhusu kuvuka: kwa umri wa miaka sita muache Bweni. Asubuhi ya foleni pantoni ikichelewa anakosa vipindi viwili vya kwanza, na kwa la kwanza hivyo ndivyo vya kusoma. Kama shangazi ana nafasi, alale kwake siku za shule arudi kwako Ijumaa. Kama hana, kaa naye wewe jioni, funika picha kwa kiganja, mwambie aanze neno la mwisho. Akikwama mwezi wa tatu, usimchape, nenda ukamwone mwalimu wake wiki hiyohiyo, na ukienda chukua na daftari lake.